Siku Mwanangu Aliponikana Ufukweni

Mwanangu wa mwisho aliwahi kunikana mbele ya watu, ugenini, mchana kweupe, tena kwa macho makavu kabisa. Alikuwa na miaka mitano. Siku hizi ni mtu mzima mwenye watoto wake, na akinisikia nasimulia habari hii hucheka mpaka akajishika mbavu. Siku ile hakuna aliyecheka. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mwanangu aseme mimi ni nani kwake, na yeye akanitazama akakataa. Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha mwenyewe, na nilimfundisha vizuri mno.

Tulikuwa tunakaa Kariakoo, vyumba viwili katika nyumba ya vyumba sita, na uani tulichangia bomba, jiko na umbea na wapangaji wengine. Mume wangu, mtu wa kusini aliyeingia mjini akiwa kijana, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Mimi nilikuwa na cherehani. Nilipopata kitambaa nilishona, na nilipokosa, maana miaka ile kukosa ndiyo ilikuwa kawaida, kazi yangu ilikuwa kupanga foleni.

Aliyezaliwa baadaye lazima aelezwe. Sukari, sabuni, unga, mafuta ya kula, vyote vilifika duka la ushirika kwa kubahatisha, na habari ilienea mtaani kabla dereva hajazima lori. Ukiona watu wamejipanga, unajipanga. Kinachogawiwa utauliza ukishapata nafasi. Niliwahi kusimama tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikaja kugundua tunagawiwa betri za tochi, na nyumbani kwangu hakukuwa na tochi. Nilichukua betri zangu nikaondoka nimeridhika.

Mzigo ukiwa wa kutosha waligawa kwa kadi, kaya kwa kaya. Ukiwa mdogo waligawa kwa kichwa: kila aliyesimama anapata fungu lake, ila hawaruhusiwi watu wawili wa nyumba moja. Hapo ndipo sisi akina mama tulipoonyesha akili. Binti yangu wa kwanza, wa miaka tisa, nilimsimamisha watu kumi nyuma yangu. Wa pili, mvulana wa miaka saba, nyuma zaidi. Wa mwisho alikaa nyuma kabisa, na kikapu chake na hela imefungwa kwenye ncha ya leso. Sheria ilikuwa moja, na niliirudia kila tulipotoka mlangoni: kwenye foleni mimi sina watoto na nyinyi hamna mama. Mtu akikuuliza, umetumwa na bibi, bibi anaumwa. Usitoke kwenye nafasi yako hata iweje. Mama mtaniita tukishakata kona.

Aliyefanya vizuri alipata sukari kidogo kiganjani tukifika nyumbani, ailambe taratibu. Yule wa mwisho ndiye aliyekuwa hodari kuliko wenzake. Siku moja muuzaji alimwinamia, akaninyooshea mimi kidole, akamwuliza, "Yule si mama yako?" Mtoto akanitazama kama anavyotazama nguzo ya umeme. "Mimi sina mama hapa," alisema. "Nimetumwa na bibi." Nilijivunia. Sitaki kudanganya, nilimsimulia kila mtu uani, na nikamwongezea sukari.

Sasa safari. Mama yangu mdogo alikuwa ameolewa Mombasa tangu mimi ni msichana. Mpaka wa Kenya ulipofungwa hatukuonana miaka, na barua zilipita mikononi mwa watu. Ulipofunguliwa, barua yake ya kwanza ilikuwa ya amri: nileteeni wajukuu zangu niwaone, tena waje waoge bahari. Mume wangu alikuwa na likizo yake ya mwaka. Wenzake wa kiwandani likizo walikwenda makwao kulima. Yeye akasema safari hii kwao watamsubiri, na nikampenda upya.

Mtaa mzima ulitucheka. "Mnatoka Dar es Salaam mnaenda kuangalia bahari?" aliuliza jirani yangu wa chumba cha uani, mikono kiunoni. "Hii ya Feri imekauka?"

Nilimjibu kwamba ya Feri naijua kwa harufu tu, na ilikuwa kweli. Mimi ni mtoto wa pwani, lakini tangu nivunje ungo sikuwahi kuingia baharini. Feri nilikwenda kununua samaki, nikapigana vikumbo na wachuuzi, nikarudi na samaki wangu kikapuni bila hata kugeuza shingo kuyaangalia maji. Wanangu ndio kabisa. Maji mengi waliyoyajua ni ya Jangwani mvua ikizidi, na hayo niliwakataza kuyagusa.

Balozi wetu wa nyumba kumi alituandikia barua ya kututambulisha. Aliiandika kwa makini kama hati ya kiwanja, akatia saini mara mbili kwa usalama. Kisha akashusha sauti, akaniomba nikipata dawa ya meno nisimsahau. Alikuwa wa kwanza tu. Mpaka siku ya kuondoka nilikuwa nimeagizwa sabuni, wembe, viberiti, utambi wa jiko na sidiria ya mtu ambaye hakutaka mumewe ajue. Mume wangu aliuliza kama tunakwenda likizo au tunakwenda kufungua duka.

Basi liliondoka alfajiri. Vumbi na matapishi ya watoto sitayasimulia. Tulilala Tanga, siku ya pili tukavuka mpaka, na jioni tukawa kwenye kivuko cha Likoni, tunaingia Mombasa. Binti yangu alisikiliza watu kwa muda mrefu, kisha akaniambia hawa wanaongea kama sisi, ila wao wanaongea kwa kuimba. Mama mdogo alitupokea mlangoni kwa kilio na chapati, akawashika watoto mashavu mmoja mmoja, akasema wamekonda, akaanza kulirekebisha jambo hilo papo hapo.

Kesho yake alinituma sabuni dukani. Nilikuta mlangoni hakuna mtu hata mmoja, nikadhani limefungwa. Ndani sabuni zimepangwa mpaka darini. "Mnagawa ngapi kwa mtu?" nilimwuliza mwenye duka. Akanitazama. "Wewe wataka ngapi, mama?" Swali hilo sikuwa nimeulizwa miaka mingi. Mwanangu wa pili, niliyekwenda naye, alikuwa amesimama mbele ya rafu ya dawa ya meno, anahesabu maboksi kwa kunong'ona, na ilibidi nimvute tuondoke.

Siku ya tatu ya kukaa kwake tukaenda ufukweni Nyali. Mama mdogo magoti hayakumruhusu, lakini alitufungia wali wa nazi na samaki wa kukaanga wa kutosha kijiji, akatusindikiza mpaka tukapanda gari. Ilikuwa siku ya jua la upole na upepo wa kutosha. Maji yalikuwa yametulia, ya kijani karibu na ya buluu mbali, na watoto walipoyaona walivua ndala wakakimbia bila kuuliza ruhusa.

Mume wangu hajui kuogelea. Kwao ni mbali na bahari, na maji anayoyaamini ni ya ndoo. Alikunja suruali mara mbili, akasimama pale wimbi linapoishia, akawa anatoa amri: wewe rudi, wewe usizidi magoti, nyote ninawaona. Hakuna aliyemsikiliza. Binti yangu alikuwa anaruka kila wimbi na kulipigia ukelele wake. Wa pili alimeza maji, akaja mbio kutuarifu kwamba yana chumvi, kana kwamba ametugundulia kitu. Wa mwisho alichimba shimo, akawa analijaza maji kwa kiganja, na kila lilipokauka aliligombeza.

Mimi nilisimama na kanga zangu mbili nikijiheshimu. Kisha wimbi likanipiga kiunoni, nikacheka, nikasema liwalo na liwe, nikajilaza. Mama wa watoto watatu, nikajilaza kwenye maji na nguo zangu! Nilisahau foleni, nilisahau mkaa, nilisahau hata kwamba watu wananitazama.

"Mama watoto, umepagawa?" mume wangu alinipigia kelele.

"Njoo nawe upagawe, baba watoto!"

Akaja hatua mbili, akarudi tatu. Sijui nilikaa majini muda gani. Najua tu kwamba nilikuwa na furaha ya kitoto, ile isiyo na sababu, na kwamba nilipoinuka na kufuta macho, shimo lilikuwepo na mchimbaji wake hayupo.

Mwanzoni sikushtuka. Niliita mara moja, nikaita mara ya pili. Mara ya tatu sauti haikuwa yangu tena. Mume wangu hakuuliza kitu. Mtu yule anayeogopa maji aliingia baharini na suruali na shati mpaka kifuani, anapapasa chini ya maji kwa mikono miwili, anamwita mtoto. Nimeishi naye miaka mingi na ametufanyia mema mengi, lakini nikitaka kukumbuka kwa nini nampenda, huukumbuka mgongo wake siku ile.

Mimi nilikimbia huku na huku, nikiwauliza watu, na wawili wangu wananifuata. Ni binti yangu aliyemwona.

"Si yule pale?" alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Yuko kwenye foleni."

Chini ya minazi walikuwepo watoto wa madrasa walioletwa matembezi, kama arobaini hivi, wavulana na kofia nyeupe, wasichana na shungi. Walikuwa wamepangwa mstari mmoja mrefu, na mbele yao mwalimu wao, mama wa makamo aliyevaa buibui, alikuwa anagawa mahamri, maandazi yao yale ya iliki, kutoka kwenye beseni kubwa. Katikati ya kofia nyeupe kulikuwa na kichwa kimoja kitupu, kimelowa, na kaptura inayodondosha maji. Mwanangu aliona watu wamejipanga. Akajipanga.

Nilimfikia nikamkamata mkono. Akagoma. Alikita vidole vya miguu mchangani akaishikilia nafasi yake, macho mbele, kama nilivyomfundisha.

"Ngoja, ngoja, mama," alisema mwalimu, na akaliweka beseni chini. "Mtoto huyu nimemuuliza mara mbili, asema hana mama hapa. Wewe ni nani yake?"

"Mama yake mzazi!"

Mwalimu alimwinamia. "Huyu wamjua?"

Mwanangu akanitazama. Nilikuwa nikimwona kwa macho ya mtu aliyekwisha kumzika, na yeye akanitazama vile vile alivyonitazama siku ya muuzaji.

"Simjui," alisema. "Mimi nimetumwa na bibi. Bibi anaumwa."

Nilipandwa na hasira. "Wewe mtoto!" nikapiga ukelele, na huo ukelele ndio ulioniharibia. Mwalimu alimvuta mtoto akamweka nyuma ya buibui lake. Wanawake waliokuwa karibu wakasimama. "Huyu si wa hapa, msikieni asemavyo," alinong'ona mmoja. Mwalimu akawageukia wawili wangu waliokuwa nyuma yangu, akawauliza kwa upole kama mimi ni mama yao.

Binti yangu aliutazama ule mstari, akanitazama mimi. "Niseme?" aliniuliza kwa midomo, bila sauti, na kila mtu akamwona. Wa pili hakungoja ruhusa.

"Mimi nimetumwa na bibi," alisema.

"Bibi huyo huyo?" aliuliza mwalimu.

Simlaumu. Mwanamke amelowa chapachapa, kanga zimemganda, anafoka kwa lafudhi ya kwingine, anavuta mtoto anayesema hamjui: hata mimi nisingempa. Aliniambia, bado kwa upole, kwamba mtoto akisema hamjui mtu yeye hamtoi, na kwamba ataitwa askari ili tuelewane vizuri. Upole wake ulinitisha kuliko kelele zote. Nilimwona mwanangu anabaki nchi ya watu, nami narudi Kariakoo na wawili.

Nikamtazama tena. Alikuwa anachungulia kwenye pindo la buibui la mwanamke asiye mama yake, na ndipo nikaona pembe ya mdomo wake inacheza. Alikuwa anajizuia asitabasamu. Mtoto alikuwa anajivunia! Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kupewa, mwalimu anauliza, watu wamejaa, mama mwenyewe anajitia kumtega, na yeye hajavunjika. Alikuwa anangoja sukari yake.

Nikapiga magoti mchangani.

"Mwalimu," nilisema, "nimewafundisha mimi. Kwetu tunapanga foleni ya sukari. Wakijulikana ni wangu tunapata fungu moja. Kwa hiyo nimewafundisha wanikane." Sikuwahi kuyasema maneno hayo namna hiyo, yote pamoja, mbele ya watu. Niliona aibu mpaka masikioni.

Mwalimu akamtoa mtoto nyuma yake, akamsimamisha mbele yangu, bila kumwachia bega. "Mwambie yeye," alisema. "Usiniambie mimi."

"Mwanangu, mimi ni mama yako. Sema tu."

Akanisogelea, akaninong'oneza sikioni. "Hatujakata kona."

Niligeuka kutafuta kona. Nasema kweli, niligeuka. Ufuko ulikuwa umenyooka kulia na kushoto hadi macho yanapoishia.

"Hakuna kona tena. Ile sheria nimeifuta."

Alifikiri. "Mpaka likizo iishe?"

"Siku zote."

"Hata Kariakoo? Hata siku ya sukari?"

Lilikuwa swali la mtu mzima, na nilijua vizuri ananiuliza nini. Mafungu manne yatakuwa moja. Uji wao wa asubuhi, chai ya baba yao kabla ya kwenda zamu, vyote vilipita mbele yangu pale pale mchangani. Watu walikuwa wanatungoja.

"Hata siku ya sukari," nilisema. "Chai tutainywa hivyo hivyo."

"Mama," alisema. Mara ya kwanza polepole, anajaribu. Kisha akawageukia watoto arobaini wenye kofia na shungi zao, akavuta pumzi, akatangaza kwa sauti ya mwadhini: "Huyu ni mama yangu!"

Nilimkumbatia pamoja na mchanga wake, nikalia, nikacheka, sijui kipi kilitangulia. Binti yangu alikwisha kutimua mbio kwenda kumtoa baba yake majini. Mwalimu aliniachia mtoto, akajifuta macho kwa pembe ya buibui, akanipa mkono, akaniuliza za Dar es Salaam. Nilimwamkia shikamoo, ingawa sidhani alinizidi miaka mingi, na akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Kisha akatushika mabega, mimi na wavulana wangu, akatuingiza kwenye mstari.

"Simameni pamoja," alisema. "Hapa kila mtu apata lake."

Tukasimama tumeshikana mikono, watatu, tunavuja maji katikati ya watoto wasafi wa watu. Wavulana wa kofia waligeuka kututazama, mmoja akampa mwanangu nafasi apite mbele. Nimesimama foleni nyingi maishani, na hiyo ndiyo peke yake niliyoipenda.

Zamu yetu ikafika. Mwalimu alimpa mwanangu hamri lake, lakini hakuondoka. Alisimama wima pale mbele ya beseni, akaninyooshea kidole. "Huyu mama yangu," alisema kwa sauti kubwa, bila kuulizwa. Mwalimu akamwekea la pili mikononi. "Huyu kaka yangu." La tatu. Akatazama ufukweni. "Yule anayekuja ni dada yangu. Na yule aliyelowa ni baba yangu, hajui kuogelea."

Mwalimu akaweka la nne, akaweka la tano. Mwanangu aliyakumbatia kifuani, akayahesabu, akarudia kuyahesabu. Kisha akainua uso kunitazama, ameshangaa kweli kweli.

"Mama," alisema, "kumbe ukisema ni wako, wanakuongezea."